UZI: Miti bilioni 15. Tunahesabu nini hasa?

1/ Kila msimu wa mvua mjadala ni ule ule. Upande mmoja unasema "tumepanda mamilioni ya miti." Upande wa pili unajibu "iko wapi?" Halafu tunarushiana picha hadi mvua inaisha. Leo sitamtaja mwanasiasa wala chama. Nataka tuangalie kitu ambacho pande zote mbili hukiruka: mbegu. Uzi ni mrefu kidogo, kaa nami.

2/ Tuanze na takwimu, maana hapo ndipo watu hupigana chenga. Katiba ya 2010, Kifungu cha 69, inaipa serikali kazi ya kuhakikisha angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya ina miti. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilipata kwamba eneo lenye miti ni asilimia 12.13. Eneo la msitu ni asilimia 8.83. Hizo ni namba mbili tofauti, na kila mtu huchagua inayomfaa.

3/ Tofauti yake ni rahisi. Mstari wa mikaratusi kwenye mpaka wa shamba ni miti. Haiwi msitu. Kwa hivyo ukisikia mheshimiwa akisema tumeshapita asilimia 10, na mwingine akisema bado hatujafika, inawezekana wote wawili wamesoma ripoti moja. Waulize: unaongelea miti au msitu?

4/ Desemba 2022 lengo likapandishwa: miti bilioni 15 kufikia 2032, ili eneo lenye miti lifike asilimia 30. Gawanya. Hiyo ni bilioni 1.5 kila mwaka, zaidi ya milioni 4 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Kila mmoja wetu, pamoja na mtoto wa jana na nyanya wa miaka 90, anadaiwa miti kama 300.

5/ Sasa weka pesa. Huu ni mfano wangu tu wa hesabu: tuseme mche mmoja, hadi uingie shimoni, unagharimu shilingi 20. Mara bilioni 15 ni shilingi bilioni 300. Na hapo hujalipa wa kupalilia, wa kulinda dhidi ya mbuzi, wala wa kurudi kuangalia kama uko hai. Ndiyo maana mjadala wa miti ni mjadala wa bajeti.

6/ Na pesa hufuata kinachohesabiwa. Ukiandika tenda ya miche, kitu rahisi kupima ni miche iliyoshushwa kwenye lori. Novemba 13, 2023 tulipewa sikukuu nzima ya kupanda miti, lengo likiwa milioni 100. Tuna hata programu ya simu, JazaMiti, ya kurekodi ulichopanda. Hapo sawa. Lakini kupanda ni siku moja. Mti ni miaka.

7/ Je, kuna njia nyingine ya kurudisha msitu kwenye shamba lililochoka? Ipo. Kuna watu walikutana na swali hili wakiwa na ardhi kubwa kuliko yetu, mbali na kitalu chochote. Wakaacha kubeba miche, wakaanza kumwaga mbegu. Twende Brazil kwanza, halafu nitawarudisha nyumbani.

8/ Mto Xingu unaanzia jimbo la Mato Grosso na kuelekea kaskazini hadi uingie Amazon. Jamii za wenyeji asilia zina eneo lao lililohifadhiwa tangu 1961. Tatizo ni kwamba vyanzo vya maji viko nje ya eneo hilo, kwenye ranchi za ng'ombe na mashamba ya soya. Msitu wa huko juu ulikatwa hadi ukingoni mwa vijito. Walio chini wakaanza kuona maji yakibadilika.

9/ Mwaka 2004 ikaanzishwa kampeni ya kuokoa maji hayo. Jina lake lilikuwa Y Ikatu Xingu, kwa lugha ya Kamayurá, yaani maji mazuri ya Xingu. Upande wa wenyeji kulikuwa na hasira. Upande wa wenye mashamba kulikuwa na sheria: Brazil inamlazimu mwenye shamba kuacha ukanda wa miti kando ya mto, na ndani ya msitu wa Amazon anatakiwa kubakisha asilimia 80 ya ardhi yake ikiwa msitu. Aliyekata kupita kiasi ana deni la kurudisha.

10/ Sasa fikiria una deni la hekta 50 za msitu, na kitalu cha karibu kiko mamia ya kilomita kwa barabara ya vumbi. Miche ni mizito, inakauka njiani, inataka vibarua wengi wa kuchimba mashimo. Lakini mwenye shamba ana trekta na mashine ya kupandia soya. Swali likawa: kwa nini mashine hiyo hiyo isipande msitu?

11/ Hapo ndipo ikatoka mbinu inayoitwa muvuca. Kwa Kireno cha Brazil neno hilo ni mkusanyiko wa watu wenye kelele, kama soko siku ya soko. Unachukua mbegu za aina nyingi za miti ya kiasili, kubwa na ndogo, unazichanganya na mchanga ili zitawanyike sawasawa, unaongeza mbegu za mimea jamii ya maharagwe, halafu unamwaga zote kwa pamoja mvua zikianza. Kwa mashine au kwa mkono.

12/ Kwa nini maharagwe? Kwa sababu ya kupokezana zamu. Miezi ya kwanza, mimea ya maharagwe inafunika udongo na kuzuia nyasi. Mwaka wa pili na wa tatu, vichaka vinavyoishi muda mfupi vinatoa kivuli. Chini yao inakua miti ya haraka, ile inayopenda jua. Hiyo nayo ikizeeka, miti ya kudumu iliyokuwa inakua taratibu kivulini inachukua nafasi. Kila kundi linamwandalia kitanda anayefuata.

13/ Na hapa kuna jambo la kutuhusu sisi moja kwa moja. Adui mkubwa wa mbegu hizo kule ni nyasi za malisho, brakiaria. Hizo nyasi asili yake ni Afrika. Zilipelekwa Brazil kulisha ng'ombe na sasa zinameza kila mche. Na mmea mmoja unaotegemewa kuzipiga kivuli ni ule tunaoupika na mahindi Ukambani: mbaazi. Ndiyo, mbaazi. Inaishi miaka miwili mitatu, inatia naitrojeni kwenye udongo, halafu inajiondokea.

14/ Mbegu zilitoka wapi? Hii ndiyo sehemu ya kisiasa ninayotaka muishike. Mwaka 2007 ulianzishwa Mtandao wa Mbegu wa Xingu. Waokotaji wake ni wenyeji asilia, wakulima wadogo na watu wa mijini. Leo ni zaidi ya 500, wengi wao wanawake. Wanaelewana bei ya kila aina ya mbegu, wanapokea oda kabla ya msimu, wanaokota, wanasafisha, wanapeleka kwenye nyumba ya mbegu. Mwenye shamba ananunua.

15/ Wanawake wa jamii ya Ikpeng wana kikundi chao kinachoitwa Yarang. Maana yake ni chungu wale wanaokata majani na kuyabeba kwa mstari. Jina limekaa vizuri: kila mmoja na mzigo mdogo, na mwisho wa msimu una magunia. Mama anayejua mti upi unazaa mwezi gani ana kitu cha kuuza, na mti uliosimama unamlipa kila mwaka. Mti ukikatwa, soko lake limekufa.

16/ Sasa nisiwauzie ndoto. Mbegu nyingi hufa. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zikiwekwa pamoja zinaonyesha kwamba mbegu zinazofanikiwa kuwa mti mdogo ni chini ya moja kati ya tano kwa wastani, wakati miche ya kitalu inayopona ni zaidi ya nusu. Anayepinga mbinu hii atakutupia namba hiyo, na ni ya kweli.

17/ Lakini namba hiyo peke yake haimalizi kesi. Mpango wetu unaongelea miti bilioni 15 kwenye hekta milioni 10.6, yaani kama miti 1,400 kwa hekta. Chukua mfano: umemwaga mbegu 100,000 za miti kwenye hekta moja na zimepona 5 tu katika kila 100. Bado una miti 5,000. Na gharama yako ilikuwa magunia ya mbegu nyuma ya pikapu. Swali zuri ni hili: kwa shilingi ile ile, baada ya miaka mitano, ni njia gani iliyoacha miti mingi hai?

18/ Kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye picha. Mbegu iliyoota pale pale inashusha mzizi wake mkuu moja kwa moja chini. Mche uliokaa sana kwenye karatasi ya nailoni mara nyingi mzizi wake umejikunja kama chemchemi ya kalamu. Ukiuhamishia mahali pakame, kiangazi cha kwanza kinaumaliza.

19/ Lakini si kila mti unakubali kumwagwa. Mbegu za migunga zina ganda gumu, zinahifadhika miaka. Mbegu za muiri na muthiga hazitaki kukauka: ukichelewa, zimekufa. Mukau ndio kichwa ngumu zaidi: mbegu iko ndani ya kokwa, lazima ulipasue na uichanje kwa ustadi ndipo iote. Kwa hivyo miti ya aina hii ya mwisho ipitie kitaluni. Mtu akikwambia mbegu tu au miche tu, hajui shamba.

20/ "Na ile ya kurusha mbegu kwa helikopta?" Nilijua mtauliza. Mbegu iliyofunikwa kwa vumbi la makaa ina maana yake: inajificha dhidi ya panya na ndege hadi mvua ije. Inaweza kufaa maeneo makame yaliyo wazi. Lakini mbegu ikianguka kwenye nyasi nene, au mahali mbuzi mia mbili wanapita kila asubuhi, haijali imetoka angani au mfukoni. Kule Xingu kazi kubwa huja kabla ya kumwaga: kuua nyasi, kulegeza udongo, kuzuia ng'ombe. Kazi hiyo haina picha nzuri.

21/ Turudi nyumbani. Pingamizi la kwanza, na ni la haki: "Mimi nina ekari moja na nusu, watoto wanne. Unataka nigeuze msitu?" Hapana. Mkulima wa Vihiga hana ranchi ya Mato Grosso. Ukimwambia aache shamba lake liwe msitu, umemwambia alale njaa. Kwake kinachofaa ni miti michache yenye faida mipakani, na miche inatosha.

22/ Ardhi ninayoongelea ni nyingine. Kingo za mito zilizolimwa hadi majini. Miteremko iliyochanika makorongo. Ardhi ya umma na ya jamii iliyokatwa mkaa ikabaki mawe. Sehemu za misitu ya serikali zilizolimwa mahindi zikachoka. Mashamba makubwa nayo yamo: kanuni za kilimo za 2009 zinamtaka mwenye shamba awe na miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi yake. Hiyo sheria iko. Lini mara ya mwisho umesikia ikijadiliwa kwenye mkutano wa kampeni?

23/ Tuna nini tayari? Tuna KEFRI kule Muguga yenye kituo cha mbegu za miti na wataalamu wanaojua kila mti unatibiwaje. Tuna vyama vya jamii vya misitu vinavyotambuliwa kisheria tangu sheria ya 2005, na tena katika sheria ya 2016. Tuna misimu miwili ya mvua sehemu kubwa ya nchi. Tuna mbaazi. Na tuna wazee wanaojua muringa unaangusha mbegu lini.

24/ Tunachokosa ni mnunuzi. Mama wa kando ya msitu wa Kakamega au Mau haoni sababu ya kuokota mbegu za miti kumi na tano tofauti kama hakuna mtu ametoa oda. Tenda zikiandikwa kwa miche, anayefaidika ni mwenye kitalu kikubwa na lori. Zikiandikwa kwa mbegu za kiasili kutoka vikundi vya karibu, pesa ileile inaingia kijijini. Hapo ndipo kuna siasa halisi, na ndiyo maana haiongelewi sana.

25/ Tahadhari moja hapa. Soko la mbegu likija bila utaratibu, watu wataokota chini ya mti mmoja uliojaa, wajaze gunia, basi. Msitu wote unakuwa watoto wa mama mmoja. Mbegu zinafaa kutoka kwa miti mama mingi, iliyo mbalimbali, ya eneo lenye hali ya hewa inayofanana. Na lazima zibaki za ndege na za nyani. Hiyo inahitaji mafunzo, rekodi na mtu wa kukagua.

26/ Na kabla ya kumwaga chochote, angalia chini. Kama shina la zamani bado lina uhai, au msitu uko jirani na ndege wanaleta mbegu bure, huenda unahitaji ua na subira tu. Dodoma, Tanzania, wakulima wanaita hii kisiki hai: unachagua machipukizi bora, unapogoa, unalinda. Ni rahisi kuliko mbegu na kuliko mche. Tatizo lake ni kwamba hakuna utepe wa kukata.

27/ "Mti ni mti, bora kijani." Hapana. Waulize watu wa Baringo. Mathenge uliletwa miaka ya 1980 kwa nia njema, kuzuia jangwa. Ukasambaa, ukaziba malisho, maganda yake yakaharibu meno ya mbuzi. Wakaazi wakaenda kortini, na mbuzi asiye na meno akapelekwa kama ushahidi. Kwenye picha ya setilaiti, mathenge ni kijani safi kabisa. Uliza ni mti gani, na nani aliulizwa kabla haujapandwa.

28/ Kwa hivyo ukikutana na anayetafuta kura, wa mrengo wowote, usimuulize atapanda miti mingapi. Muulize haya:
- Ni miti ya kiasili mingapi, na ya aina ngapi?
- Mbegu zinatoka wapi, na nani analipwa?
- Ardhi ni ya nani, na wanaoitumia wamekubali?
- Nani atapalilia na kulinda kwa miaka mitatu, kwa bajeti gani?
- Mtahesabu lini walio hai, na ripoti itawekwa wapi tuione?

29/ Swali la mwisho ndilo zito. Mkataba unaolipa sehemu ya pesa siku ya kupanda, sehemu mwaka wa pili na sehemu mwaka wa tano kulingana na miti iliyo hai, unabadilisha tabia ya kila mtu. Mkandarasi atachagua msimu sahihi. Atazungumza na wafugaji mapema. Atatafuta mbegu nzuri. Hutahitaji kumhubiria kuhusu mazingira.

30/ Jambo la mwisho kuhusu Xingu. Kilichofanya kazi kule hakikuwa mchanganyiko wa mbegu peke yake. Sheria ilimpa mwenye shamba deni, deni likaleta mnunuzi, mnunuzi akampa mama wa kijijini sababu ya kulinda mti unaozaa. Ondoa kimoja na vingine vinaanguka. Sisi tuna sheria nusu, wataalamu tunao, waokotaji wapo. Oda ndiyo haijaandikwa.

31/ Kama uko kwenye kikundi cha msitu, kitalu, au ofisi ya kaunti inayohusika na mazingira, andika hapa chini mnanunua mbegu au miche gani, na kwa bei gani. Tuanze kuhesabu vitu vya maana. Na ukiona mtu ameweka picha ya miti milioni leo, usimtusi. Hifadhi picha. Muulize tena baada ya mvua tatu.